Njia ya Mkato

Mwakio alikuja Januari, mwanafunzi wa mafunzo,
mikono ya shati ameikunja mara tatu, viatu bila soksi,
akasimama nyuma ya kiti changu, ghorofa ya tatu, Shimanzi,
akanitazama nikikokota kipanya
kutoka ankara hadi fomu, kutoka fomu hadi ankara,
kama mtu ajazaye pipa kwa kijiko.
Alivumilia. Halafu akasema,
"Dada Thuwaiba, huo mkono utaukata."

Shika Kontro kwa kidole cha mwisho,
kile kidogo, ambacho maisha yake yote
kazi yake ilikuwa kupamba kikombe cha kahawa.
C, chukua.
V, weka.
Z, na kosa la asubuhi likafutika.
(Niliitazama sana Z ile.
Miaka kumi na minne ya ndoa
sikuwahi kupewa kitufe kama hicho.)
Na kile cha pembeni, Tab, mimi nilisikia Tabu,
nikamwambia huyo namjua,
tumekaa naye nyumba moja.

Mzee Badi wa hesabu, daftari chini ya kiwiko,
alinung'unika: "Njia ya mwongo ni fupi."
Mwakio hakujibu. Alifungua jedwali, akabonyeza mara moja,
na jumla ya kontena mia mbili na sita ikadondoka chini ya safu
mzee hajamaliza kuvaa miwani.
Akaijumlisha upya kwa kalamu, hadi saa tisa.
Ikawa ile ile.
Hakusema kitu.
Aliagiza chai, vikombe viwili.

Kisha ikaja siku ya vifupisho.
Unaandika slm, mashine yamaliza yenyewe:
*Salamu nyingi. Kwa heshima na taadhima
tunarejelea shehena yako iliyotajwa hapo juu,
ambayo ingali bandarini haijakombolewa,
na gharama zake zinaongezeka kila siku.*
Herufi tatu, barua nzima!
Nikaitia na kwenye simu.

Kwa hesabu ya Mwakio niliokoa dakika arobaini kwa siku.
Sikuziona.
Zilikuwa kama chenji: zaingia mfukoni zikilia,
jioni hakuna ajuaye zimekwenda wapi.
Aliyeziona wa kwanza ni meneja,
akaniongezea mzigo wa Kampala,
na wa Kigali juu yake.

Jumatano mama aliniandikia, kutoka Kuze:
*Leo waja?*
Nikaandika slm, jicho langu liko kwenye ankara.
Nikatuma.

Alijibu kwa sauti, sekunde tisa,
birika likichemka nyuma yake:
"Shehena ipi, mwanangu?
Kama ni mimi, nipo papa hapa,
na gharama ni kweli, zaongezeka.
Ndoo unikomboe."

Nilicheka mpaka Mzee Badi akageuka.
Nikaisikiliza tena.
Mara ya tatu sikucheka.

Darasa la nne, Tononoka, mwalimu alichora ubaoni
alama ndogo yenye mkia.
Huu ni mkato, alisema. Ukiufikia, vuta pumzi.
Tukasoma, watoto hamsini na kitu,
na penye mkato darasa zima likapumua,
ukasikia mpaka feni.
Njia ya mkato.
Miezi sita naitamka
nikidhani mkato wenyewe ni wa kisu.

Kuna vitufe viwili vya kufunga kioo,
Mwakio alinionyesha mwisho, hata hakuvisisitiza:
Dirisha na L.
L ya lala.
Saa kumi na dakika ishirini,
Kigali ingali mezani, haijaguswa,
nikavibonyeza.

Kwenye ngazi nilizima vifupisho,
nikaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi,
na mkato nikauweka mwenyewe:
*Naja, mama.
Ushuru wataka nilipe kwa halua
au kwa kaimati?*