Kesho Usije

Maneno mawili. Niliyatuma saa nne usiku,
simu ikiwa na chaji asilimia sita:
*Kesho usije.*
Sikuweka hata nukta.

Miaka kumi na mmoja Erasto Makokha
alifungua mlango wa nyuma wa duka langu la mikate, hapa Bondeni,
saa tisa za usiku,
baridi ya Menengai ikimfuata ndani kama paka,
na kabla taa haijawaka alishajua kwa pua
kama hamira imeamka au imegoma.

Kilo mbili za sukari zilipungua.
Nilihesabu mara mbili,
kisha nikamhesabia yeye.

Afisa wa kazi aliponiita nilimwambia
mkono wangu ndio mkataba,
niliusalimu naye, akaanza kazi.
Akauangalia mkono wangu muda mrefu,
kama anatafuta pahali pa kusaini.

Mbele ya jaji, wakili wa Makokha,
kijana ambaye pengine alikulia mikate yangu, aliuliza:
Ulimpa sababu?
Aliijua.
Ulimsikiliza?
Angesema nini?
Alikuwepo mwenzake wa kazi, wa kumsimamia?
Saa nne za usiku? Nani?
Ulimweleza kwa lugha anayoielewa?

Hapo nikanyamaza.
Kumbe sheria inataka hivyo hasa:
mtu, kabla hajaachishwa,
aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa,
na mwenzake aliyemchagua awe ubavuni.
Mimi nilidhani Kiswahili changu kinatosha.
*Kesho usije*: nani asielewe?
Yeye, akasema. Alikuja.
Alisimama mlangoni hadi saa kumi na mbili,
akidhani nimeugua.

Nilikuwa nimebeba daftari,
la jalada la buluu, lililolowa mafuta.
Humo kila gunia la ngano lina tarehe yake.
Siagi imo, kuni zimo,
hata panya wamo, na shimo walilotoboa mwezi wa Januari.
Likizo za Makokha?
Kurasa zikafunuliwa mbele ya watu.
Unga. Unga. Unga.

Jaji hakupaza sauti.
Mwajiri ndiye mtunza kumbukumbu, alisema;
kama huna karatasi,
kulipinga neno lake ni mzigo wako.
Nimebeba magunia tangu usichana wangu,
lakini mzigo ule haukuwa na pembe za kushika.

Nililipa. Mshahara wa notisi, siku za likizo, fidia.
Kwa awamu, baada ya kuuza mashine ya kukata mkate.
Shemeji yangu anasema sheria hizi
zitatufungia milango sisi wadogo.
Huenda. Tarehe nane za mwezi silali,
naota makato: uzeeni, bima ya afya, nyumba
nisiyoijua itajengwa wapi.
Nalalamika kama kila mtu.
Ila sukari ile, mpaka leo sijui ilikwenda wapi,
na hilo nalo linaninyima usingizi,
wala halina tarehe.

Jerotich, niliyemwajiri Juni, ana barua yake, kurasa mbili.
Aliisoma akiwa amesimama, mikono imejaa unga,
akauliza, Mama Kemunto, *muda wa majaribio* maana yake nini?
Nikavuta kreti, nikaketi, nikamweleza.
Ilituchukua chai nzima.
Sikumbuki kama niliwahi kuketi na Makokha.

Ilibaki karatasi moja ya kumpa: cheti cha utumishi.
Jina. Siku aliyoanza. Kazi aliyofanya. Siku aliyoondoka.
Sheria haikunidai zaidi ya hapo.
Haikunidai niandike kuhusu pua yake.
Sikuandika.
Chini ya karatasi ilibaki nafasi
ya upana wa vidole vinne hivi.
Nilipiga muhuri pembeni kabisa,
nisiifunike.