Gorogoro la Chwele

Kiti chenyewe ni cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya.
Kipo nyuma ya kibanda cha ushuru, chini ya bati linalovuja,
na anayekikalia halipwi kitu
ila soda siku ya soko, na salamu zenye woga kidogo.
Ni kiti cha kuamua:
nani alimwaga mahindi ya nani,
kuku alianza kuumwa kabla ya kuuzwa au baada,
na gorogoro la nani limegongwa tako likaingia ndani.

Miaka kumi na minne alikikalia Nasipwondi,
aliyekuwa karani wa ushirika wa kahawa.
Hakuwa mpole. Alinusa ugoro, alikata watu maneno.
Siku moja alilichukua gorogoro la dada yake, tumbo moja,
akalijaza maji, akayamimina katika lile la serikali,
sote tukaona maji yalivyofika shingoni yakakoma.
"Mrudishie huyu maharagwe yake."
Dada hakukanyaga kwake Krismasi mbili.

Na chama chake? Tulibahatisha.
Tulimwangalia leso, tulimsikiliza akicheka.
Hatukupata.

Miguu ikamvimba, akarudi kwao Kimilili.
Zamani tungenong'ona kati ya magunia, jina likatoka.
Mwaka huu yalikuja malori.
Kinu walitangulia, spika juu, fulana za samawati;
Kengele wakafuata na za njano, na unga pakiti mbilimbili.
Jamani, kiti cha kuamulia kuku!

Sisemi kwa kuwacheka wengine.
Fulana ya njano ninayo, nalala nayo.
Mgombea wetu, Lusweti Munialo, alifika mezani pangu
akanunua maharagwe gorogoro moja.
Nikapima, nikalisawazisha kwa kiganja kama kawaida.
"Ongeza, mama," akasema, "mimi si wenu?"
Nikaongeza konzi.
Akatazama. Nikaongeza ya pili.

Tulipiga kura kwa mlolongo, mchana kweupe,
kila mtu nyuma ya mtu wake, jua utosini.
Nafuna wa njugu alisimama kule kwa Mukhwana wa Kinu,
mtoto mgongoni, karibu na mbele.
Lusweti hakuwa akihesabu idadi.
Alikuwa akisoma nyuso.

Wiki ya tatu nikapeleka shauri langu.
Nafuna aliniuzia njugu magorogoro sita;
kufika nyumbani, kwa kipimo changu, ni matano na kitu.
Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilipanga maneno,
nikaomba na jirani aje kushuhudia.
Lusweti hakuitisha maji.
Aliniangalia fulana, akamwangalia Nafuna leso,
akasema, "Atalipa mia mbili. Anayefuata!"
Jirani yangu alikuwa hata hajaketi.

Nafuna hakulia, hakutukana.
Alifungua fundo la leso, akahesabu,
akanitazama mimi, si yeye,
kama mtu anayetazama mvua iliyomnyeshea peke yake.

Nimeshinda.
Wenzangu wa njano walinipigia vigelegele hadi kituo cha mafuta.

Lakini usiku nililitoa gorogoro langu, nikaligeuza kwenye taa.
Tako lake lina kibonyeo.
Kidogo. Labda liliwahi kuanguka.
Labda mume wangu marehemu, aliyelinunua, alijua zaidi yangu.
Nafuna huenda aliniibia. Huenda hakuniibia hata punje.
Maji yangesema, maji hayana fulana.
Nikaenda asubuhi kuazima kipimo cha serikali.
Kiko pale pale, juu ya rafu, nyuma ya kiti.
Kimejaa kadi za chama.

Noti mbili za mia zimo chini ya godoro.
Sijanunua nazo hata chumvi.
Pengine zilikuwa zangu kwa haki.
Nani sasa wa kuniambia,
na mimi, akiniambia,
nitamwamini vipi?