Tafuta Thamani ya X

Darasa la Saba B, Mabibo, saa nne kasorobo,
wanafunzi mia na tatu, madawati thelathini,
na mimi mwalimu wao, vumbi la chaki limenikaba koo.
Nikaandika ubaoni: 2x + 6 = 20.
Tafuta thamani ya x.

Vidole vikapanda. "Mimi, 'walimu! Mimi!"
Saba, wakasema. Saba, nikatia vema.
Nyuma, penye dirisha lisilo kioo,
Chausiku Pazi hakuandika kitu.
"We Chausiku, x ni ngapi?"
Akasimama, akavuta sketi iliyokuwa fupi tangu mwaka jana:
"Mwalimu, x iko ukutani kwetu.
Wameichora jana, kwa rangi nyekundu."

Darasa likacheka, kisha likanyamaza,
maana kwa akina Hamduni nako ilikuwapo,
na kwa muuza mkaa, na kwa fundi cherehani,
nyumba kumi na nne, upande mmoja wa barabara.
Alama ileile ninayotia mimi
kwenye kosa la mtoto.

Chuoni nilifundishwa andalio la somo,
zana, malengo mahsusi, hitimisho.
Hakuna ukurasa ulioniambia nifanyeje
mtoto akija na x yake mwenyewe.
Nikasema: "Kaa chini. Hiyo haimo kwenye mtihani."
Naona haya kuiandika, lakini nilisema.

Usiku nikasahihisha madaftari kwa tochi ya simu,
umeme ulikuwa umekatika.
Saba. Saba. Saba.
Mia na mbili za saba, na ukurasa mmoja mtupu.
Nikautazama ule mtupu mpaka chaji ikaisha.

Kesho yake nikaenda na kamba ya kuanikia nguo,
tumeifunga fundo kila mita, kwa rula ya ubaoni.
Penye ofisi ya mtaa Chausiku akasoma tangazo,
kwa sauti, neno kwa neno,
na watu wazima nyuma yake wamefunga mikono
kama wanafunzi waliochelewa:
mita ishirini, kutoka katikati ya barabara.
Kumbe lilibandikwa pale wiki tatu.
Kumbe wengi walikuwa wakiliegemea.

Nikasimama katikati ya lami na kitambaa chekundu.
Bodaboda wakanitukana. Lori la kokoto likasubiri.
Kwa Pazi: ishirini na tatu, na kiganja.
Wakashangilia, mama mmoja akapiga vigelegele.
Kwa fundi cherehani: ishirini na moja.
Kwa Hamduni,
Hamduni mwenyewe ndiye aliyeshika ncha ya kamba.
Angeweza kuilegeza. Nilimwona akifikiri.
Hakuilegeza.
"Kumi na nane, mwalimu," akasema, akaandika.
Halafu, bila kuinua uso:
"Na fidia, inahesabiwaje?"

Sikujua.
Nilikuwa na cheti, na sikujua.
Tukakaa kibarazani kwao tukaanza upya:
matofali mangapi, mabati mangapi,
mwembamba ule wa mpapai, bei yake nini,
na choo alichochimba babu yake kwa mkono.
Thamani ya x.
Jioni hiyo hatukuipata yote.

Mzee Pazi, anayetia dole gumba kila penye sahihi,
alikwenda wilayani na daftari la binti yake.
Wakamwambia rudi Jumatatu. Akarudi.
Wakamwambia rudi Alhamisi. Akarudi,
akalifungua daftari juu ya meza yao:
"Nami nionyesheni palipoandikwa."

Ukuta wake umepakwa chokaa.
Mvua ikinyesha, wekundu bado unachungulia.
Akina Hamduni walihamia Msongola.
Walilipwa, si yote.
Sijui kama anasoma.

Mkaguzi alipopita akafunua shajara yangu,
akauliza kipindi cha siku ile,
darasa zima barabarani, kilikuwa cha mada gani.
Nikamwambia: Vipimo.
Akaandika: Vipimo.
Akatia vema.