Jina Lililoanzia Mkiani

Bibi aliitwa Agnes. Mama alilishika jina hilo mkiani,
akalisoma herufi kwa herufi, akaniita Senga.
Mitaa ya Leith inatujua, mabinti tulioandikwa nyuma-mbele.
Sikuliwazia sana
hadi Januari hii, maabarani, juu kilimani,
mvua ya Edinburgh ikikwaruza dirisha.

Mezani nina kipande cha silikoni, kidogo kama ukucha wa mtoto.
Ndani yake visima kumi na vitatu. Havina maji,
vina chaji. Saa ikipiga,
kila kisima kinammiminia jirani wa mbele
na kupokea cha jirani wa nyuma,
kama watu waliojipanga usiku wa moto
wakipokezana ndoo, asiulize mtu zinatoka wapi.
Kila mmimino hubakiza tone.
Na joto nalo hupenya, likaongeza lisilotumwa;
ndiyo maana nakipoza, na mimi nikatetemeka nacho.

Ishara tuliyoituma ni fupi:
ndiyo ndiyo ndiyo ndiyo ndiyo
siyo siyo
ndiyo ndiyo
siyo
ndiyo siyo ndiyo.
Imerudi imechakaa, imemezwa na kelele.
Dalgleish, mkuu wetu, amesogeza miwani hadi kwenye kioo:
haoni kitu. Nami sioni.

Lakini juu ya visima nimeuchora msimbo uleule
kinyume, wa mwisho mbele.
Hauna budi kuwa kinyume:
kiingiacho kwanza ndicho kiendacho mbali.
Ndiyo ikikuta siyo, inapunguza.
Siyo ikikuta siyo, inaongeza.
Saa inapiga. Moja. Sifuri. Moja. Sifuri.
Ufunguo unapapasa kitasa gizani.
Halafu, kwa pigo moja tu, kila jino na pengo lake:
kumi na tatu!
Mstari wa kijani umesimama wima.
Dalgleish amemwaga chai kwenye daftari langu.
Pigo la pili, sifuri tena.

Jioni nakwenda kwa bibi.
Tangu kiharusi, maneno yake hutoka yamevurugika:
kijiko, gati, Jumanne, hapana, hapana.
Daktari kasema nisitarajie.
Nakaa. Nayaacha yapite ndani yangu moja moja;
sijui nilichorwa nini humo, wala nangoja lipi.
Kijiko. Hapana. Makaa.
Nesi anakuja, anafunga pazia, anaondoka.
Saa mbili kasoro, bibi ananitazama,
ananitazama hasa,
na kutaja jina.

Meno yake yalikuwa ndani ya glasi.
Sikujua ameanzia upande gani.