Skrubu, Si Msumari

Kamati ya zahanati ya Usoke ilikaa siku tatu
kujadili jambo lililo juu: dari.
La zamani lilishuka lenyewe usiku wa Jumanne,
silingibodi iliyolewa mkojo wa popo,
likamwangukia muuguzi Nyamizi akiandika joto la mgonjwa.
Hakuumia. Alikung'uta daftari, akaendelea:
thelathini na nane nukta mbili.

Mhoja akasema mninga.
Mninga una heshima, harufu yake tu ni dawa.
Nikamwuliza, mninga upi?
Udogoni mwangu msitu ulianzia nyuma ya choo chetu.
Leo mpasua mbao anaondoka na baiskeli alfajiri,
anarudi kiza kimeingia, amefunga kwenye karia
ubao mmoja na hofu ya watu wa maliasili.
Msitu wetu tuliuchoma chini ya majani ya tumbaku, Mhoja,
bani kwa bani,
hadi ukaishia vifuani mwa watu tusiowajua.

Basi nikaenda kwenye bani la marehemu baba.
Ukuta umelala. Mabomba ya bati yapo,
yale yaliyopitisha moto misimu kumi na tisa.
Nikayapasua, nikayakunjua kama mkeka wa mgeni,
nikayasugua masizi kwa mchanga na majivu,
nikayagonga hadi yakakubali kuwa bapa.
Mawili hayakukubali. Yana mawimbi mpaka leo,
pale juu ya mizani ya watoto.

Bati joto, wakasema. Bati kelele.
Kweli. Ndiyo maana nimeacha shubiri nne za hewa
kati yake na paa, nikatandaza sufi,
nikatoboa matundu, elfu na ushei
(Kalunde wangu alichoka kuhesabu),
kelele ipande, izame kwenye sufi, isirudi.
Upande wa chini rangi nyeupe,
taa moja ya sola ifanye kazi ya mbili.
Mchwa alikuja kuonja. Akaenda zake.

Sisemi bati halina dhambi.
Mahali fulani palichimbwa, mahali fulani palichomwa,
labda msitu wa mtu mwingine, naye hakuulizwa.
Deni hilo lilishaliwa.
Sikuona sababu ya kukopa jingine.

Mvua ya kwanza ilimkuta Nyamizi anazalisha.
Asubuhi nikamwuliza, dari lilisema nini?
"Lilisema kidogo," akajibu, mikono kwenye beseni.
"Mtoto ndiye aliyepiga kelele."

Mhoja bado ananitania:
umewalaza wazazi ndani ya bani!
Namwonyesha vichwa vya skrubu, safu kwa safu.
Msumari kazi yake iliishia kwenye kutoboa.
Siku jengo hili litakapochoka
aje mtu na bisibisi,
ashushe bati, moja, jingine,
akaezeke penginepo
bila kuuliza msitu ulikuwa wapi.