Kiwiko

Kikao kilianza saa nane, ndani ya banda la mizani,
maana nje upepo wa Ngaramtoni ulikuwa unabishana na karatasi zangu.
Tulikaa juu ya magunia ya maharage
ya mtu aliyetuomba tusiyapasue.

Mwenyekiti Akyoo alisoma shitaka taratibu,
kama anayechambua mchele wa wageni:
kwamba Jumapili, mbio ya tatu, kwenye kona ya kisima,
ndugu Lemburis Laizer, akiendesha punda aitwaye Hesabu,
alikata njia ya ndugu Anaeli Nnko
kabla ya kumtangulia urefu wa mkokoteni mmoja na nusu;
kwamba Anaeli alivuta hatamu hadi zikamchuna viganja,
akaishia mtaroni, gurudumu moja likizunguka hewani,
punda wake kapiga magoti
kama aliyesahau sala katikati.

Lemburis alisimama, kofia mkononi.
Ulikuwa mfuko wa plastiki, akasema.
Ulipeperuka kutoka gengeni, Hesabu akashtuka,
na punda akishtuka, wakuu, hasomi kanuni.
Mwenyekiti akamtazama juu ya miwani:
mfuko wa plastiki, na marufuku yote hii?
Basi, kiroba, akasema Lemburis.
Watu wakacheka. Niliandika: kiroba.

Kisha wakaniita mimi, Naishiye, katibu,
kwa kuwa Jumapili bendera ya konani niliishika mimi.
Weka kalamu chini kwanza, nikaambiwa,
shahidi hajiandikii mwenyewe.
Nikaiweka.

Niliona vumbi, nikasema. Vumbi la kwetu mnalijua,
jeusi, jepesi, mlima uliotema ukasahau kufagia.
Niliona masikio manne. Kiroba sikukiona.
Niliona hatamu ya kushoto ikikaza,
na nyuma ya hatamu mkono,
na katikati ya mkono kiwiko, kikirudi mbavuni
kama cha mtu anayevuta ndoo kisimani.
Upepo hushtua sikio la punda.
Haukunji kiwiko cha mtu.

Hakuna aliyecheka.

Tunasema shukrani ya punda ni mateke.
Hesabu hakumpiga mtu. Teke la Jumapili
lilikaa kibaoni, limevaa kofia.
Ndivyo alivyosema Akyoo, akafurahia maneno yake,
kisha akahukumu: asikanyage mstari wa kuanzia mbio nne,
alipe gunia la pumba kila wiki
mpaka goti la punda wa Anaeli lipone.

Anaeli alinyoosha mkono wake uliochubuka.
Nilikuwa mbele, akasema.
Hiyo mtanirudishia wapi?
Nikatafuta kwenye daftari. Hakuna safu ya hiyo.

Usiku, kwa taa, nilinakili hukumu.
Neno *makusudi* nililiandika, nikalifuta,
nikaliandika tena, nikalifuta,
nikaliandika. Karatasi ikatoboka.

Jumatatu. Adhabu ni ya mbio, maji hayamo.
Saa kumi na mbili asubuhi Lemburis alikuwa langoni,
Hesabu akitoa moshi puani kwa baridi,
madumu manane nyuma, bei ileile.
Aliyashusha moja moja kwa mkono wa kulia,
akiyaegemeza kwenye paja.
Mkono wa kushoto ulikuwa umelala tumboni,
kiwiko kimefungwa kitambaa cha zamani,
fundo lake limekomaa kwa jasho.

Tangu lini? Mtaroni hakuanguka yeye.
Sikuuliza. Naye hakusema,
wala hakunisalimu, wala hakuninunia.
Alihesabu noti, akanirudishia mia mbili,
akambonyeza punda shingoni, wakaondoka.

Karatasi bado iko mezani, haijapigwa muhuri.
Nimeiinua dirishani.
Kupitia lile tundu, pale lilipokuwa neno,
naonekana uwanja wangu, lango wazi,
na alama mbili za magurudumu mavumbini,
zimenyooka mpaka barabarani.