Birika la Pili

Feridun alirudi kutoka soko la Jumapili
na boksi la viatu lililotobolewa kwa msumari.
Ndani, vikasuku jozi tatu.
Sita kwa hesabu ya pensheni yetu
ambayo kufika tano tu hutweta.

Hapa Zonguldak wanaitwa ndege wa mahaba.
Aliyewapa jina hilo simjui,
ila nina hakika hakuwahi kuwafuga.

Madume, pua za buluu, waimbaji,
wakilisha wake zao mdomo kwa mdomo.
Majike, pua za kahawia, zina magamba
kama ganda la njugu. Maana yake wako tayari.
"Tayari kwa nini?"
"Kwa vifaranga, Nigar. Kwa nini kingine?"

Akapigilia visanduku vitatu,
kila jozi na chake, kwa haki,
kama mtu anayegawa mkate.
Kimoja kikakaa juu kuliko vingine, upande wa dirisha.
Juu kwa upana wa kidole.
Miaka thelathini mgodini alipima nguzo za kuzuia mlima,
na kidole kimoja kikamponyoka sebuleni.

Majike wote watatu wakakitaka hicho hicho.

Mafahali wawili hawakai zizi moja:
hilo limesemwa.
Kuhusu majike methali imenyamaza.

Mimi ningeweza kumwambia.
Nilikaa miaka saba nyumba moja na Sevim,
mke wa kaka yake: jiko moja, birika moja,
dirisha moja lililopata jua.
Mbele ya mama mkwe tulipendana sana.
Nyuma yake sufuria zangu ziliungua zenyewe.
Siku moja wageni wangu walinywa chai ya chumvi.
Nililipa. Sitasema jinsi gani.
Wala sikumwambia Feridun neno;
alikuwa anapiga mluzi na ndege wake.

Wa manjano aliwahi kile cha juu. Mayai manne.
Akatoka kunywa maji, dakika, haikuzidi,
wa kijani akaingia.
Asubuhi mayai yalikuwa sakafuni mwa tundu,
juu ya gazeti la Jumanne,
yamevujia uso wa waziri.
Wa manjano hakusahau. Kidole cha mguu
tulikiokota karibu na kisahani cha mtama,
na jicho lake mwenyewe, la kushoto, likafumba moja kwa moja.

Kisha, mle kisanduku cha chini,
kwa yule jike wa kijivu asiyegombana na mtu,
kifaranga kimoja kikaanguliwa,
chekundu, mnene kama haragwe.
Sikiliza, kichwa chake sitakieleza.
Nitaeleza baba yake:
alikuwa juu ya kijiti, koo limejaa chakula,
akitikisa shingo, akitikisa,
akitafuta mdomo.

"Lakini mtama ulikuwa tele," akasema Feridun.
"Maji tele. Nigar, walikosa nini?"
Alidhani ugomvi ni mtoto wa njaa,
yeye aliyekula gizani na wanaume arobaini,
kitunguu kikipita mkono hadi mkono
bila mtu kuuliza nani ameuma kikubwa.

Usiku ule aling'oa visanduku vyote.
Akapasua kitanda cha mwanetu aliye Ujerumani
akatengeneza matundu mawili zaidi.
Sasa yako matatu ukutani, jozi moja moja,
na kadibodi katikati: wasikiane, wasionane.
Wa kijivu anaatamia tena.
Wa manjano hakutaga tena.
Hugeuza kichwa ili jicho zima liangalie mlango.

Siku ya Iddi, Sevim alipiga simu kutoka Bursa.
Tuliongea saa nzima, tulicheka mpaka mbavu zikauma,
amekuwa mjane, sauti yake imekuwa laini.
Anataka kuja kukaa wiki mbili.
Nikamwambia karibu, dada yangu, nyumba ni yako.
Nikavaa koti
nikashuka mjini kununua birika la pili.